Vifungo Sita vya Blauzi Nyeupe

Jumamosi, 7 Oktoba

Nguo za shule kumi na moja zimetoka mezani kwangu leo. Kumi na moja! Yule fundi wa ng'ambo ya barabara hata tano hafikishi, na mishono yake kama njia ya konokono.

Lakini habari kubwa si hiyo. Binti yangu kavishwa beji. Kiranja mkuu! Wa shule nzima! Na mimi mama yake niliishia darasa la saba. Beji nimeishona mwenyewe kifuani, uzi mara mbili. Wateja wote wamesikia. Aliyekuja kupimwa kiuno kasikia, aliyekuja kuuliza njia tu naye kasikia.

Jioni tumecheka sana. Anasema darasani kuna msichana wanamwita Redio Mbovu. Akisimama kusoma, anakwama: ba-ba-ba. Binti yangu anajua kuigiza huyo! Nimecheka mpaka pini zikanitoka mdomoni.

Wembe wangu wa kufumulia umepotea tena. Wa pili mwezi huu.

Jumatatu, 9 Oktoba

Leo nimetukanwa. Kwa upole, lakini nimetukanwa.

Muuguzi wa zahanati, mteja wangu wa siku nyingi, kaja na blauzi ya bintiye. Yule binti wanasoma darasa moja na wangu. Samahani dada fundi, anasema, vifungo vyako vinatoka. Mara ya tatu hii.

Vifungo vyangu! Mimi nazungusha uzi shingoni mwa kifungo mara nne, na ndani nafungia uzi mwekundu. Hakuna mwingine mtaa huu anayefanya hivyo. Nguo yangu ikishakuwa tambara la kudekia, kifungo bado kimeng'ang'ania.

Nikaipeleka blauzi dirishani. Kifungo kikichoka, uzi hulegea na kuacha manyoya. Hapa hakuna manyoya. Kitambaa chenyewe kimekatwa, kiduara safi kama sarafu. Wembe huu. Na vifungo vyenyewe ni vya kifuani tu. Mtoto wa kike wa miaka kumi na tatu!

Nikamwambia, dada yangu, hii si kazi ya msumari wa dawati. Kuna mtu anamkata mwanao nguo mwilini.

Akakaa kwenye stuli. Kisha akasema mtoto siku hizi anavaa sweta hata jua likiwaka. Kila Jumatatu tumbo linamuuma. Akiulizwa anaanza kusema, anakwama, anaacha.

Anakwama. Kitu kikanigusa hapo. Nikakipiga teke.

Nikampa maneno. Blauzi usiifue, usiishone, ndiyo ushahidi. Andika tarehe. Ijumaa twende kwa mwalimu mkuu, mimi nitasema, mdomo ninao. Na binti yangu ndiye kiranja mkuu, atamnasa huyo mtu kabla ya mapumziko! Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia, yumo darasani humo humo.

Akanishika mikono yote miwili.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimemwambia binti yangu. Akasema labda anavipoteza mwenyewe, yule ni mzembe tu. Hakunitazama. Chakula kakiacha nusu. Nadhani ni mtihani wa hesabu.

Jumatano, 11 Oktoba

Nilikuwa natafuta chaki ya kuchorea. Chaki tu! Nikafungua mkebe wake wa hesabu.

Bikari. Rula. Wembe wangu.

Na vifungo sita, vimetungwa kwenye uzi kama shanga. Kila kimoja na kiduara chake cha kitambaa cheupe. Kwa nyuma, uzi mwekundu.

Mashine haikulia tena leo.

Aliporudi nikaviweka mezani. Akaviangalia, akasema ni utani tu mama. Wote wanacheka.

Kisha akasema: hata wewe ulicheka.

Nikainua mkono. Nikaushusha. Nikauliza, mtoto wa watu kakukosea nini? Hapo ndipo akalia. Amenishinda hesabu mara mbili, akasema. Hata kusema hawezi, lakini hesabu ananishinda. Na wewe umemwambia kila mtu mimi ndiye wa kwanza. Nikiwa wa pili utawaambia nini wateja wako?

Nikaviokota vifungo, nikavitia mfukoni.

Nikamwambia kesho nenda mwenyewe kwa mwalimu ukaseme. Akasema watanivua beji mbele ya shule nzima.

Najua watamvua. Najua na itakavyokuwa ngumu kuibandua, maana nimeishona mimi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Binti yangu hajasema. Nimemuuliza akiwa mlangoni, nikamuuliza tena akivua viatu. Kichwa tu anatikisa.

Nimempigia dada yangu mkubwa. Wewe una wazimu, kanijibu. Nguo chafu hufuliwa uani kwako. Tupa vifungo chooni, mchape mtoto, yaishe. Unataka kumchoma mwanao kwa mkono wako?

Nilisimama chooni navyo. Kweli nilisimama.

Kisha akapita muuguzi akitoka kazini. Bintiye kakataa kutaja jina. Kasema neno moja tu, tena kwa shida: hawataniamini, ni mtu mkubwa pale shuleni. Sasa muuguzi anamfikiria mwalimu wa michezo. Yule kijana mpole anayefunga watoto kamba za viatu! Kesho nitamtaja, akasema, mwanaume yule simwelewi.

Nikasema "eeh".

Eeh tu! Ndilo neno pekee lililotoka kwenye mdomo wangu huu mkubwa.

Ijumaa, 13 Oktoba

Naandika kwenye daftari la vipimo, hapa benchi la nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Mikono inataka kazi.

Asubuhi nilimwambia binti yangu, leo nitasema. Useme wewe kabla yangu au niseme mimi, lakini yatasemwa. Akajifunga kamba za viatu, akaondoka.

Muuguzi yuko kushoto kwangu, blauzi ndani ya mfuko wa karatasi. Mwanawe yuko katikati yetu, mikono ndani ya sweta. Kaniamkia. Lilichukua muda lile neno, lakini kalifikisha mpaka mwisho. Nikaitikia. Sikumtazama usoni.

Mwalimu wa michezo kapita na mpira, katuchekea. Muuguzi hakumjibu.

Kisha binti yangu kapita kwenda kupiga kengele ya mapumziko. Beji inang'aa. Kasimama, kamwamkia muuguzi kwa adabu zote. Muuguzi kanigeukia: dada fundi, umelea, jamani. Yule mtoto mwingine katazama sakafu. Vidole vyake vinatafuta kifungo cha juu, vinakishika.

Mlango umefunguliwa. Mwalimu mkuu anauliza nani ataanza. Muuguzi ananigusa bega. Huyu hapa, anasema, ndiye mwenye maneno.

Vifungo viko mfukoni mwa gauni langu. Binti yangu amesimama kule kwenye kengele, nyundo mkononi, ananitazama. Saa nne imepita na dakika tatu. Shule nzima inangoja.

Hajapiga bado. Nafunga daftari, nashika vifungo.