Ngamia wa Bibi Shamsa

Adam, Omani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Natumai nyumbani mmeamka salama wote. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila upweke wa wiki hii umenizidi.

Unajua kazi yangu ni kumtunza Bibi Shamsa, Mbedui aliyezaliwa hemani na kufuga ngamia maisha yake yote. Mwanawe, Khalfan, anafanya kazi kwenye visima vya mafuta. Amemjengea nyumba yenye kiyoyozi kila chumba, lakini bibi hushinda zizini tangu alfajiri.

Mwanzoni mwa wiki Khalfan alikuja na lori kuwachukua ngamia wakauzwe. Alisema watoto wake wako Maskati na hawataki mifugo, na mama yake ameshaanguka zizini. Hilo ni kweli, mimi ndiye niliyemwinua. Ngamia wakapakiwa wote isipokuwa jike mmoja mzee. Wanaume walimvuta kwa kamba, wakamsukuma, naye akapiga magoti mchangani akagoma kabisa.

Khalfan akamwendea mama yake, macho chini. "Mama, mwite wewe. Anakusikia wewe tu."

 Bibi akanishika bega, tukapanda ubao wa kupandishia ngamia kwenye lori, akamwita kwa sauti anayowaitia maji. Yule ngamia akasimama, akaja mwenyewe. Bibi akamfunga kwa mikono yake, akashuka. Hakulia wala hakuaga.

Jioni tumekaa uani, akaniuliza kwa Kiarabu, polepole ili nimwelewe: "Mama yako naye anafuga?"

Nikamwambia una ng'ombe.

"Wanaitwaje?"

Nikamtajia Mabaka, Sikujua na yule mwenye pembe moja. Akauliza na ndama je. Wamezaliwa mimi nikiwa huku, hata rangi zao sizijui. Nililia mbele yake kama mtoto, yeye aliyepoteza zizi zima, naye akanipa upindo wa shela lake nijifute.

Nisalimie baba, na shangazi Halima anayekupikia siku goti likikubana. Na mdogo wangu Idi anayechunga, mwambie anitajie ndama wote mmoja mmoja, na mama zao. Bibi bado ananiuliza kila jioni.

Ni mimi mwanao ninayekuwaza,
Mwanaidi