Gia Iliyochelewa Kuingia

Kassel, 9 Novemba

Kaka Henning,

Huku kwetu ni ukungu tu. Jana Bi Odenwald alileta gerejini kwetu gari lake la otomatiki lenye klachi mbili. Ukiweka gia, linasita sekunde tatu kabla ya kuondoka. Kompyuta haikuonyesha kosa lolote, nami nikazidi kutaka kujua.

Baba akasikiliza. "Frauke, linachelewa likiwa baridi au moto?"

"Yote mawili."

"Basi pima mafuta ya giaboksi."

Yalikuwa yamepungua lita nzima, na hapakuwa na uvujaji. Baba akacheka. "Fundi gani mzembe aliyajaza?"

Nikafungua kitabu cha matengenezo cha gari hilo. Aliyeandika kuwa ameyajaza, mwezi Septemba, ni Baba mwenyewe; ulikuwa mwandiko wake.

Nilimjibu kwamba sijui. Nikajaza mafuta, gia ikaingia papo hapo.

Njoo Krismasi hii, Kaka, wakati Baba angali anatukumbuka kwa majina.

Dada yako,
Frauke