Picha ya Nyuma ya Jicho Lako

Mama,

Shikamoo. Asubuhi nimekuombea dua, nikaona haitoshi, nikachukua kalamu. Ungekuwapo ungesema, "Wewe Mwanamkuu, maneno hayakuishi?" Hayajaniisha, mama yangu.

Huku Msambweni hatujambo. Nyumba tumeiezeka upya, na kuku wako wamebaki na ukaidi wao. Mjukuu wako Mwanaisha amepata kazi ya kufua mashuka hotelini Diani. Siku hizi akirudi haniiti mama, ananiita "mathe". Ningekuwa wewe ningemtupia mwiko.

Lakini nimekuja na jambo. Juzijuzi nilitia chumvi kwenye chai. Mwanaisha akacheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka naye. Kisha nikaenda uani nikalia, maana maradhi yako yalianza vivyo hivyo: chai ukaimimina kando ya kikombe, mchele ukauinjika motoni bila maji, na baba ukamwekea chakula, naye keshafariki zamani. Tukasema ni macho. Tukakupeleka kwa daktari wa macho.

Na siku hiyo, Mama! Nilikuambia utapigwa picha ya jicho, wewe ukasikia picha tu. Maisha yako yote ulikuwa ukikimbia picha, hata harusini kwangu ulijificha jikoni. Sijui siku hiyo uliingiwa na nini. Ukavaa leso mpya, ukabandika kikuba cha asumini kifuani, ukapaka wanja wa kutosha maharusi wawili. Muuguzi alipokutia dawa ya kupanua mboni, wanja ukachuruzika hadi kidevuni. Akataka kukufuta. Ukamshika mkono: "Mwanangu, nipigwe picha uso mtupu, kama niliyetoka kulala?" Basi daktari akangoja mpaka nikakupaka upya.

Picha ilipotoka ilikuwa duara jekundu lenye mishipa. Daktari akasema macho yako hayana kosa, ila ubongo hauelewi tena yanayoletwa na macho. Akaniambia wako wataalamu wanaochunguza kama maradhi haya yanaweza kuonekana kule nyuma ya jicho mapema, kabla mtu hajaanza kusahau. Nikamuuliza, je, yanaonekana? Akasema bado hawajui. Nilimpenda kwa neno hilo. Mtaani kwetu kila mtu alikuwa akijua: huyu akisema jini, yule hasadi.

Wewe ukaigeuzageuza ile picha. "Uso wangu u wapi?" Nikakuambia hapo ni nyuma ya jicho lako, ndipo unapoonea. Ukanitazama sana.

"Basi na wewe umo humu," ukasema, "maana nakuona."

Baadaye ukanisahau. Ukaniita dada yako, ukaniita muuza samaki, ukauliza mbona leo sikuleta changu, yule samaki uliyempenda. Mwisho hukuniita chochote. Iliniuma, Mama, na bado inaniuma.

Jana nilikwenda kwa daktari yule yule kutazama picha ya jicho langu. Siku ya kupigwa nami nilipaka wanja, akacheka, akauliza kama ni ada ya nyumbani kwetu. Jana nikampa na ile yako, akaziweka picha zetu mbili pamoja, akazitazama kwa makini. Akasema chumvi kwenye chai hata yeye hutia akighafilika. Ama hilo lingine ninaloliogopa, picha bado haiwezi kumwambia. Nikarudi nyumbani na hofu yangu ile ile niliyokwenda nayo.

Picha yako nimeitundika ukutani. Ndiyo pekee uliyotuachia. Wageni huuliza kama ni jua linalozama. Nawaambia ni mama yangu, nao hurudia chai yao.

Sasa sikiliza ahadi yangu. Sitayasubiri maradhi kwa kilio, kama yatakuja. Mwanaisha nimeshamwambia, siku nikianza kumwita muuza samaki, asinizungushe kwa waganga, wala asininunie. Anipake wanja, akae mbele yangu, karibu, hata kama simjui. Atakuwa amo machoni mwangu, kama nilivyokuwamo machoni mwako siku zote zile ulizonitazama usinijue.

Lala salama, Mama. Mola akupe nuru huko uliko.

Ni mimi mwanao,
yule muuza samaki.