Friji Mahali pa Nguzo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Feryal Tunçsoy
Umri: Miaka 27
Kazi: Mhandisi wa majengo
Makazi: Barabara ya Narlı, İzmir

Nakumbuka kwanza jinsi kisu cha baba kilivyonyamaza.

Mnamo tarehe 14 Machi, muda mfupi kabla ya saa saba mchana, nilikuwa kwenye mkahawa wa baba yangu, Fundi Nevzat. Anauza kokoreç, utumbo wa mwanakondoo uliosokotwa kwenye chuma na kuokwa juu ya makaa. Yuko pale miaka thelathini na moja na jiko lake halijawahi kuzimika. Usiku huyafukia makaa kwa majivu, asubuhi huyafufua. Kwetu kumwambia mtu "jiko lako lizime" ni laana, na baba hajaitamka hata kwa mwenye nyumba.

Foleni ilifika mlangoni. Bekir, dereva wa teksi, aliomba atiliwe nyanya.

"Nyanya hutiwa Istanbul, si hapa İzmir," baba alimjibu. "Washa teksi yako uzifuate."

"Nikirudi nitakukuta umekufa, Fundi."

"Utakuta nimefunga. Kufa sina nafasi."

Watu walicheka. Baba alikuwa akikatakata nyama ubaoni. Ndipo ndani ya kabati la mbao lililo juu ya friji kubwa kitu kikalia, kama ganda la jozi linapovunjwa kwa meno. Hakuna mteja aliyegeuka. Kisu cha baba kilisimama. Sijawahi kukisikia kikisimama wakati kuna foleni. Nilimtazama, naye alikuwa akitazama kabati.

Nilipanda juu ya kiti nikang'oa ubao wa kabati. Nguzo ya zege ilishuka kutoka darini ikaishia hapo, juu ya friji, imekatwa, vyuma vyake vinaning'inia. Friji ndiyo iliyokuwa imesimama palipokuwa na sehemu yake ya chini. Ufa mpya ulikuwa umeingia darini.

"Lini?" nilimuuliza.

"Ulikuwa darasa la kwanza. Friji haikuenea. Mtaa mzima walifanya hivyo, binti yangu. Rudisha ubao, watu wana njaa."

Tangu tetemeko la ardhi lililoangusha majengo mjini kwetu, kazi yangu ni kukagua majengo ya watu. Hili sikulikagua. Hapa nilikuja kula.

Nilimwomba Bekir awatoe wateja. Nilipanda ngazi za ghorofa za juu nikibonyeza kengele ya kila nyumba. Ghorofa ya tatu alifungua jirani yetu, Shangazi Müzeyyen, na mwiko mkononi.

"Mwanangu, dengu zangu ziko motoni."

"Zima, shangazi. Tushuke."

"Tetemeko tena?"

"Bado."

Aliniangalia, kisha akatafuta viatu vyake.

Chini, baba alikuwa amesimama mlangoni na kisu chake. Hakunitishia, kisu huwa mkononi mwake siku zote. Alisema kwa sauti ya chini, "Jiko hili ndilo lililokusomesha, Feryal. Manispaa wakija wataufunga mlango kwa lakiri. Sema ni ufa wa tetemeko. Neno moja tu, mwanangu."

Nilimwambia, "Baba, toka nje." Alitoka. Nilimvika koti lake. Lilinuka jira na moshi, kama nguo zangu zote za shule.

Niliwapigia simu manispaa, kisha polisi, wakatuleta hapa kituoni mimi na baba.

Afisa amenieleza kwamba mtoto halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mzazi wake, na kwamba naweza kwenda nyumbani. Alinipa kiti, sikuweza kukaa. Nimekuwa nikienda dirishani na kurudi. Baba yuko kwenye benchi la uani, anaangalia viganja vyake. Nimechagua kusema. Nguzo ilikatwa kwa amri ya baba yangu, naye alijua inabeba nyumba za watu. Ufa hautokani na tetemeko.

Tangu tufike, baba amekuwa akimwomba kila askari anayepita mtu aende akafukie makaa, yasije yakafa. Asitumwe mtu. Watu walipokwisha kutoka nilirudi ndani peke yangu, nikachukua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo nikaimwaga yote juu ya makaa. Jiko nimelizima mimi.

Nimesomewa niliyoyasema, ni maneno yangu.

(Sahihi) F. Tunçsoy

Yameandikwa mbele yangu. Shahidi alielezwa haki yake ya kukataa. Alizungumza akiwa amesimama.

(Sahihi) Afisa Rüştü Alpsoy