Mwisho wa Yule Rubani

Kaka Shabani,

Shikamoo, na huo mguu uliovunjika nao naupa pole.

Mvua ya Kinole imenikwamisha kwenye banda la mdalasini. Wanawake wanaokwangua magome wanabishana kuhusu ile filamu yetu ya roboti, iliyotafsiriwa na DJ mwenye sauti nzito. Mmoja wao, Mama Zuhura, anamtetea yule rubani wa chombo cha maroboti kama mwanawe wa kumzaa. Nikamweleza kwamba sisi umeme ulikatika kabla ya mwisho, na tangu utotoni tunabishana kama rubani alikufa.

“Kumbe hamjui! Chombo kilipolipuka, rubani...”

Nikaziba masikio, banda zima likacheka. Siwezi kuujua mwisho bila wewe. Pona, uje. Mama Zuhura ameapa kufunga mdomo, lakini sidhani kama atamaliza mwezi.

Mdogo wako,
Rehema