Potwe wa Mbegani

Jumanne, 15 Desemba 1953

Likizo! Tanga na chaki zake nimeziacha huko huko. Alfajiri nimekwenda kutanda uduvi na mkaza mjomba Mwaija na wenzake — tunashika kanga kwa pembe, tunakokota majini. Mara kelele, kanga zikatupwa. Potwe! Papa mrefu kuliko mashua, madoa meupe mgongo mzima, kinywa wazi, anakunywa uduvi wetu. Wote mbio ufukweni. Mimi nikabaki. Jino la kutisha hana hata moja. Kesho namfuata.

Jumatano, 16 Desemba

Nimeogelea naye! Mkaza mjomba kasema nina wazimu, mama yangu atamwambia nini. Nikamjibu: mwambie Mwanvita kaenda kuamkia wakubwa. Ngozi ya potwe msasa mtupu. Nikashika pezi, akanikokota polepole wala hakushtuka. Nimelia kwa furaha, ndani ya maji!

Jioni nimejisifu weee. Mjomba Kibwana akauliza maswali mazuri: anapitia wapi? Maji yakiwaje? Ukimgusa hapigi mkia? Nikajibu yote, kama niko mbele ya darasa.

Alhamisi, 17 Desemba

Mjomba ananoa chusa, mkuki wa kuchomea papa.

Mashua yake mpya inataka sifa, mafuta ya ini la papa, ya kupaka mbao. Miaka yote wavuvi walimwogopa potwe, wakisema hupindua vyombo. Nani kawatoa hofu? Mimi, na mdomo wangu! Nimemwendea. Shikamoo mjomba. Marahaba mwanangu. Nikamwomba amwache. Kacheka: si wewe uliyesema ni mpole? Kesho Ijumaa, hawashuki baharini. Ni Jumamosi.

Nimekasirika!

Ijumaa, 18 Desemba

Wanaume wako msikitini, nami nimepata dawa! Wanawake wakitanda, nguo zimewaganda mwilini, hakuna mwanamume anayesogeza chombo. Aibu kubwa. Basi kesho tutatanda pale pale anapopita potwe, ukingoni mwa mkondo. Nimemwambia mkaza mjomba. Kaendelea kuchambua mchele. Kisha kasema mwaka asiokuja potwe na uduvi hauonekani, na mumewe hilo hajawahi kumuuliza. Atawaita wenzake. Ila pale pana kina, na yeye kuogelea hajui. Nikamwambia maji hayana neno, mimi nipo.

Jumamosi, 19 Desemba

Saa nne. Nimetoka mara moja kumfikisha mwenzetu Bi Ashatu nchi kavu, kakanyaga mwiba wa samaki nyenga. Naandika juu ya ndoo, vidole vimelowa.

Mambo yamekwenda kama nilivyopanga! Wanawake kumi na mmoja ukingoni, potwe anazunguka nyuma yao. Mashua ya mjomba imesimama mbali, wanaume wote wametugeuzia migongo. Mjomba anapiga kelele bila kugeuka: Mwaija, tokeni! Mkaza mjomba anamjibu uduvi haujatosha. Nimecheka!

Lakini maji yanajaa. Hilo sikulipigia hesabu. Wanawake wanaanza kutoka, mmoja mmoja, kanga mabegani. Mjomba hana haraka, anasubiri wa mwisho atoke.

Sasa wamebaki wawili. Sasa mmoja. Mkaza mjomba — maji kwapani, kanga kaishika peke yake. Namwita. Namwita tena! Ananitikisia kichwa, anarudi nyuma hatua moja, upande wa mkondo.

Kaniamini niliposema mimi nipo.