Mtani Alipotoa Pole

Mama yangu,

Shikamoo. Naiacha hapo kwanza, maana najua utaitikia marahaba kwa sauti hata kama jikoni hakuna mtu, halafu ndipo utafute miwani. Mguu je? Umeacha kuupandisha vilima vya Kisarawe, au bado unasema ni mazoezi? Na ngedere wamekuachia muhogo wa kutosha, au mwaka huu mmekubaliana kulima nusu kwa nusu?

Sisi huku India tupo. Simu unayopigiwa kila jioni inakwambia Zuhura hajambo. Simu haisemi uongo, ila inasema kwa kifupi, tena mgonjwa mwenyewe huwa amekaa pembeni ananikodolea macho nisizidishe neno. Ndiyo maana naandika. Barua hii anakuletea Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, ambaye mkewe alikuwa akitibiwa moyo hapa hapa na sasa wanarudi nyumbani. Habari zake zimo humu. Zisome kabla hujamkaribisha kiti.

Unakumbuka siku tunaondoka Kibaha, tulikuwa tumeshaambiwa uvimbe wa shingoni umerudi, na safari hii unataka dawa kali kuliko ya mwanzo. Dawa hiyo, mama, ni kama kuchoma shamba zima ili uue magugu. Magugu yanakufa, lakini na kinachootesha damu mwilini nacho kinaungua. Kwa hiyo kabla ya kuchoma wanatoa mbegu. Wewe mahindi ya mbegu unayaning'iniza juu ya moshi wa jiko. Madaktari hawa mbegu za damu wanaziweka kwenye baridi kali mno, halafu dawa ikishapita wanazirudisha mwilini zikaote upya. Mbegu zisipotimia, dawa hiyo haitolewi. Na daktari hakutuficha: njia nyingine aliyonayo ni dhaifu.

Haya yote tuliyapata kwa mkalimani, kijana wa Kihindi aliyejifunza Kiswahili kwa wagonjwa, ndiyo maana maneno anayoyajua zaidi ni ya maumivu. Kihindi changu mimi nilichookota kwenye filamu kinafaa kutangaza mapenzi na kuapa kisasi. Kuulizia choo hakifai.

Kwanza Zuhura alipigwa sindano za kuzitoa mbegu kwenye mifupa ziingie kwenye damu. Mifupa ikamuuma kiunoni, mgongoni, hadi kifuani. Nesi akasema yale maumivu ni dalili kwamba mifupa inafanya kazi.

"Mwambie," Zuhura akamjibu mkalimani, "yangu naona imeajiriwa sehemu mbili."

Mkalimani akafikisha. Nesi akaandika kwenye faili.

Mimi, mama, fundi cherehani mzima, nikijidunga sindano kidoleni Mbwawa yote inapata habari. Mtoto huyu alipoambiwa mrija unaingia shingoni, aliuliza tu kama utaonekana kwenye picha.

Siku ya kukusanya ikafika. Mashine ni kubwa kama kabati la vyombo. Damu inatoka kwa mrija mmoja, inazungushwa humo ndani, inapetwa kama unavyopeta mpunga kwenye ungo. Mbegu zinabaki kwenye mfuko, nyingine yote inarudi mwilini. Unakaa hivyo tangu asubuhi hadi alasiri, na hugeuki ovyo. Katikati midomo ikaanza kumchonyota. "Kaka, kama nimebangua korosho mbichi kwa meno," akasema. Kumbe mashine inapunguza madini ya chokaa kwenye damu. Akapewa dawa, ikatulia.

Ndipo Mzee Maganga, ambaye tulishajuana naye kwenye foleni ya dawa, akaingia. Alisimama mlangoni akamtazama: kichwa hakina unywele, shingo ina bandeji, mirija huku na huku.

"Alaa! Mimi nimekuja kuzika, kumbe Mzaramo bado anapumua? Mmenipotezea muda."

"Mnyamwezi," Zuhura akadakia, "mzigo umeutua wapi? Au umekuja kunibeba mimi, maana kubeba ndiyo kazi mliyosomea?"

"Nikubebe nikupeleke wapi, ngomani? Mihogo yenu inaliwa na nyani, nyie mnakata viuno!"

Nesi akauliza wanasema nini. Mkalimani, mtu mwaminifu, akatafsiri neno kwa neno: mzee huyu anasema amekuja kumzika mgonjwa. Nesi akaita mlinzi. Mnyamwezi wa watu akashikwa mkono akatolewa nje, huku Zuhura anacheka mpaka mashine nayo ikaanza kupiga kelele kwa sababu ametikisika. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu Kibaha.

Jioni daktari akaleta jibu: mbegu hazijatosha, mashine tena kesho. Zikikosekana na kesho, itabidi wakae wafikiri. Zuhura akasema "Sawa," kama mtu aliyeambiwa mkate umekwisha dukani.

Baadaye kidogo Mzee Maganga akarudi. Safari hii alikuwa amekunja mikono mbele, sauti chini. "Pole sana mwanangu. Mungu ni mwema." Akainama, akaondoka.

Mama, mtoto ambaye sindano hazikumtikisa, akanishika shati.

"Kaka Shomari, umesikia? Mtani amenipa pole."

"Ni adabu tu."

"Adabu tangu lini? Siku tunamzika baba, watani waliingia kaburini wakagoma kutoka mpaka wapewe kuku. Hata maiti inataniwa! Mimi napewa pole. Mimi nimekuwa nini? Daktari amemwambia nini ambacho mimi sijaambiwa?"

Akalia. Akalia kilio chote alichokuwa amekiweka akiba, na kusema kweli nami pole ile ilinitia baridi.

Nikamfuata mzee. Nikamkuta kwenye benchi la nje ameinamia fimbo yake.

"Mzee, rudi ukamtukane mtoto."

"Nimekatazwa. Wamesema nikifungua tena mdomo sitaingia hata kumwona mke wangu."

Basi nikamchukua yeye na mkalimani mpaka kwa nesi mkuu. Nikaeleza kwamba kwetu kuna watu wenye haki ya kukutukana, walizaliwa nayo, na mgonjwa asipotaniwa anaona jeneza. Mkalimani akamweleza nesi, kisha akaongeza jambo lake mwenyewe. Nesi akacheka. Nikamuuliza amesema nini.

"Nimemwambia ni kama shemeji zetu wa huku. Wao pia hawana adabu, na harusi bila wao haiendi."

Ruhusa ikatoka: atukane, ila avae barakoa na apunguze sauti.

Kesho yake Zuhura alikuwa kwenye mashine, anatazama dari. Mzee akaingia, barakoa imemfika machoni, akanong'ona: "Wewe. Jana nilisahau pole yangu hapa. Nimekuja kuichukua."

Zuhura akageuza macho polepole. "Nimeshaitupa. Ilikuwa inanuka tumbaku."

"Basi nipe nusu ya huo mfuko. Mtani hatoki mikono mitupu."

"Chukua. Ikikuingia utaanza kucheza ngoma, mkeo akukimbie."

Sitakwambia utani ndio ulioleta mbegu. Zimeletwa na dawa, pamoja na Mungu aliyempa mwanao mifupa ile. Ila jioni daktari alipokuja na kusema zimetimia, tena na akiba juu, Zuhura hakulia wala hakushangilia. Alisema ana njaa, na kama huku hawana muhogo wa kuchoma wamwombe radhi.

Hajapona bado, mama, sitakudanganya. Dawa kali inaanza wiki ijayo, na atawekwa ndani, chumba peke yake, haruhusiwi kuonana na watu, kama mwali. Tofauti ni kwamba huyu hana wa kumfunda. Sisi ndio tunafundwa naye.

Nisalimie shangazi wa Pangani, aache kulia kwenye simu, salio linakwisha. Nisalimie mwalimu wa madrasa kwa dua zake, na jirani yetu wa kwaya ya Kilutheri aliyesali bila kuombwa. Shemeji wa Mbwawa mwambie cherehani yangu asiiguse.

Na sasa mgeni wako. Akiingia kwa kelele na kuuliza matanga yako wapi, mtukane kwa moyo wote, ujue tuko salama. Akidai kuku, mwache akamate mwenyewe. Lakini Zuhura ameniagiza niandike hili kwa herufi kubwa ulione hata bila miwani: JOGOO MWEKUNDU AFICHWE. Huyo ni wake, anakuja kumla mwenyewe.

Mwanao,
Shomari